Mjumbe Aliye Chini ya Usukani



Katika nchi hii ya Marekani gari si anasa. Wengi wetu hufanya kazi za zamu katika viwanda na maghala yaliyo mbali na njia za mabasi. Gari likilala, mshahara nao hulala. Ndiyo maana ile taa ya manjano yenye umbo la injini inapowaka, nyumba nzima huingiwa na hofu.

Ilipotuwakia sisi, fundi mmoja alilitazama gari kwa macho tu, akatuambia kwamba kichujio cha moshi, kile kilichomo katika ekzosi, kimekufa. Bei aliyoitaja ilikaribia kodi yetu ya mwezi mzima. Tulimshukuru, tukaomba muda wa kufikiri, kisha tukaenda kuliuliza gari lenyewe.

Gari huulizwa hivi. Magari madogo ya petroli yaliyouzwa hapa kuanzia toleo la mwaka 1996 yana tundu la uchunguzi, lililolazimishwa na kanuni za kupunguza moshi mchafu. Mahali pake ni chini ya dashibodi, upande wa dereva, karibu na magoti. Inameni, au papaseni kwa mkono: ni soketi ya plastiki, pana juu na nyembamba chini, yenye nafasi 16 katika safu mbili za nane nane. Katika baadhi ya magari imefichwa nyuma ya kifuniko kidogo.

Chomekeni kisomaji injini ikiwa imezimwa, kisha fungueni swichi bila kuwasha injini. Kisomaji kitaonyesha herufi moja na tarakimu nne. Ziandikeni kwenye karatasi kabla ya jambo lingine lolote. Asiye na kisomaji ajue kwamba baadhi ya maduka ya vipuri husoma bila malipo.

Gari letu lilijibu P0455: mvuke wa petroli unavuja kwa wingi. Tulianza na lililo rahisi, yaani kifuniko cha tangi la mafuta, tukakuta mpira wake umepasuka. Tulinunua kifuniko kipya, na baada ya siku kadhaa za kuendesha taa ikazimika yenyewe.

Hata hivyo, namba hiyo si hukumu. Huonyesha mtaa, haionyeshi nyumba. P0420, kwa mfano, husema kichujio cha moshi hakisafishi ipasavyo. Lakini chanzo chaweza kuwa ekzosi inayovuja au sensa iliyochoka. Fundi mwema bado anahitajika.

Yako mambo mawili ya kutahadhari. Kwanza, taa ikiwa inawaka na kuzimika mfululizo, aghalabu mafuta hayaungui vyema ndani ya silinda, na kichujio chaweza kuharibika kwa joto. Punguzeni mwendo, msimame mahali salama. Pili, wako wanaofuta namba au kuchomoa betri kabla ya ukaguzi wa moshi. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Kompyuta iliyofutwa hupoteza kumbukumbu ya majaribio yake, na mkaguzi akiliona hilo huweza kulirudisha gari.

Ugenini wengi wetu hulipa kwa sababu hatukujua la kuuliza. Mwenye namba mkononi huingia gereji akiwa na swali, na fundi humjibu kwa heshima. Kisomaji chetu kipo. Jirani atakayekihitaji na abishe hodi.