Taswira za Kijapani Machoni pa Mkazi wa Olympic

Katika ujana wangu hapa Olympic, mtaa ulio Kibera jijini Nairobi, picha ilikuwa amali ya studio: mtu alioga, akavaa nguo za sikukuu, akasimama wima mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na hukumu ya jamaa waliopelekewa nakala ilikuwa moja tu, kwamba picha njema ni ile inayoonyesha sura wazi, na viatu pia viwemo. Picha nyingine tulizozijua ni zile walizopiga wageni waliopita kwa haraka kandokando ya reli ya Kibera. Hizo aghalabu hazikurudi kwetu, bali zilikwenda ng'ambo kutuombea huruma bila idhini yetu.

Nilikuwa baina ya fikira hizo mbili wakati mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Japani, aliyepanga nyumba jirani na yetu, aliporejea kwao akaniachia kitabu cha picha za Daido Moriyama, mpiga picha wa Kijapani. Humo alikuwamo yule mbwa koko wa Misawa, mji wenye kambi ya ndege za kivita za Marekani, aliyepigwa picha mwaka 1971: manyoya yamesokotana, kichwa kimegeuka, jicho linamkabili mtazamaji kwa ghadhabu na uchovu kwa pamoja, na wino ni mweusi hata uchafu wa manyoya hautengeki na kivuli. Kwa kanuni ya studio picha ile ilikuwa imeharibika. Walakini sikuweza kukifunga kitabu, kwa kuwa mbwa yule hakuomba kitu kwa mtu, wala aliyempiga picha hakumwombea.

Baadaye nilijua kwamba Moriyama alikuwa miongoni mwa watu wa jarida la Provoke, lililotoka mara tatu tu kati ya 1968 na 1969, na kwamba kwa wapiga picha wengi wa Japani kitabu si ukumbusho wa maonyesho yaliyopita, bali ndiyo kazi yenyewe, pamoja na mpangilio wa kurasa zake na uzito wa karatasi yake. Kwa sisi tulio mbali na majumba ya sanaa ya Tokyo, fadhila ya desturi hiyo ni adhimu, maana aliyeshika kitabu Olympic ameshika kitu kile kile alichoshika mtu wa Shinjuku katika jiji hilo.

Intaneti ilipoingia katika simu zetu niliwaona wapiga picha wengi zaidi wa huko, akiwemo Rinko Kawauchi na nuru yake nyeupe juu ya vitu vidogo vya nyumbani. Lakini aliyenigeuza kabisa ni Naoya Hatakeyama. Bwana huyu, aliyekwisha kuwa mashuhuri kwa picha za machimbo ya chokaa, alikuwa akipiga picha za mji aliozaliwa, Rikuzentakata, kwa ajili ya nafsi yake tu, hata tarehe 11 Machi 2011 tsunami ilipomchukua mama yake na nyumba yao, na picha zile zisizokuwa na dhamiri ya kuonyeshwa zikawa ndizo masalio.

Nikaanza kupiga picha vichochoro na malango yetu, pasipo sababu ambayo ningeweza kuieleza. Julai 2018 matingatinga yalibomoa nyumba, shule na makanisa Kibera ili barabara ipite, na mama mmoja akanijia: "Mzee, huna picha ya shule yetu kabla haijabomolewa?" Nilikuwa nayo, ya lango, na mtoto apitaye mbio amefifia kwa mwendo. Aliichukua, wala hakuuliza sura iko wapi.

Leo vijana wa hapa hupiga picha za kwao wenyewe, na Kibera Stories, mradi wa picha wa Brian Otieno, umekwisha kuwafikia watu wa nchi nyingi. Ninalowasihi ni kwamba wasiziache simuni peke yake, ambako picha ya pili huifuta ya kwanza. Wachapaji wa River Road jijini wana mashine, na kitabu chembamba cha nyeusi na nyeupe, kilichoshonwa kwa pini mbili, hufika Osaka kwa posta.