Mdako Ulipoingia Darasani

Nilisoma shule ya msingi Tarime, mkoani Mara, miaka iliyofuata Azimio la Musoma la 1974, lililotaka kila mtoto wa Tanzania awe shuleni ifikapo 1977. Tulijaa darasani. Mwalimu alikuwa na chaki na fimbo, sisi tukawa na sauti za kuimba tebo. Wengi tulitoka nyumbani na Kikuria kitupu. Aliyeulizwa swali kwa Kiswahili aliinamisha kichwa.

Wakati wa mapumziko wanyamavu hao walitawala mchezo wa mdako. Unarusha kokoto moja juu, unakomba nyingine kutoka shimoni kabla ya kuidaka, kisha unairusha tena, unazirudisha na kubakiza moja moja. Ukimaliza, unabakiza mbili mbili, halafu tatu tatu. Ukikosea idadi, zamu imekwisha. Hiyo ilikuwa hesabu ya kugawanya, tena ya haraka, ila hakuna aliyeiita hesabu.

Nilipoajiriwa kufundisha nilikuta tebo zinaimbwa vilevile. Mabadiliko yalikuja polepole. Shirika la Right To Play, lililoasisiwa na Johann Olav Koss, bingwa wa Norwe wa mbio za barafuni, lilifanya kazi na shule za Tarime na Serengeti. Kilichonigusa katika njia yao ni maswali yanayofuata mchezo: tumefanya nini, kinafanana na nini tunachokijua, tutakitumia wapi? Bila maswali hayo watoto hufurahi tu; wakiulizwa, hujifunza. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukaweka mkazo kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, tukapata muda wa kuokota kokoto, vijiti na vizibo vya soda. Elimu bila ada ilipoanza 2016 madarasa yalifurika, na makundi ya michezo ndiyo yaliyomwezesha kila mtoto kushika kitu mkononi.

Wazazi hawakuridhika mara moja. Mzee mmoja alinifuata: “Mwalimu, mjukuu wangu nimemleta asome, sikumleta acheze.” Nikamkaribisha akae. Mtoto akapewa kokoto kumi na mbili, akazitoa tatu tatu, akamweleza babu yake kwa Kikuria kwamba amechota mara nne, kisha akalirudia jibu kwa Kiswahili mbele ya wenzake. Mzee akaomba aone tena.

Kinachonisumbua leo ni kwamba michezo hukoma karibu na darasa la nne, kwa hofu ya upimaji wa taifa. Kokoto hurudi uani, na sehemu na desimali hufundishwa kwa ubao mtupu. Mtoto wa darasa la tano anazihitaji zana kuliko yule wa la kwanza, maana hesabu zake ni ngumu zaidi. Walimu wenzangu wa Mara, tusimnyang'anye kokoto hapo hapo anapozihitaji.