Barua Arobaini

Sisi tuliozaliwa Kabambare na kulelewa Kasongo twajua maana ya kungojea habari. Leo twapenda kuwasimulia jambo lililotupata, maana huenda likawafaa wengine.

Mwezi wa Februari 1871 msafiri David Livingstone alikuwa Kabambare, mji ambao yeye aliuandika Bambarre. Alikuwa amekaa huko miezi mingi, miguu yake ikiwa na vidonda, akiwangojea watu kutoka pwani. Walipowasili walimletea barua moja tu. Arobaini zilikuwa zimepotea. Tuliposoma habari hiyo mara ya kwanza hatukucheka, kwa kuwa nasi tulikuwa na barua yetu.

Mwaka 2005 shangazi yetu aliugua huko Kabambare. Akatuandikia sisi tuliokuwa Kasongo tumpelekee fedha za dawa, na barua akapewa mchuuzi wa baisikeli. Mvua ilikuwa imeharibu njia na madaraja, hata barua ikatufikia siku ya kumi na moja. Tulipofika kwake, matanga yalikuwa yamekwisha. Mwanawe hakutulaumu. Alisema tu, “Yaya, tulikungojea.”

Zamani hizo misioni nyingi za Kongo zilikuwa na redio ya kuitana, ambayo watu waliiita foni. Kwa saa maalumu padri au karani aliita vituo vingine, na wote waliosimama mlangoni walizisikia siri za jirani zao. Foni ilisaidia sana, lakini ilikuwa mlango mmoja kwa watu maelfu. Baadaye simu za mkononi zilikuja. Hata hivyo, katika vijiji vingi vyetu mtu hupanda kilima ili apate mtandao, ambao vijana huuita rezo.

Basi, miaka michache iliyopita wazazi kadhaa wa mtaa wetu tulipatana kuchanga fedha, tununue sahani ya setilaiti na betri za kutunza nguvu za jua, ili watoto wa masomo wapate intaneti. Mashine ilinunuliwa, ikawekwa nyumbani kwa jirani mmoja, naye akashika ufunguo. Hatukuandika kanuni yoyote. Muda si mrefu jirani yule akaanza kutoza watu, wengine wakanuna, betri zikafa, wala hakuna aliyetoa franka moja ya kununua nyingine. Ni rahisi kumlaumu mwenye ufunguo. Lakini na tukiri ukweli: sisi tuliahidi mchango wa miezi sita, tukatoa wa miezi miwili. Pengo letu alikuwa akiliziba kwa mfuko wake mwenyewe.

Kwa aibu hiyo tulianza kuuliza jinsi wengine walivyofanya. Huko Uganda ya kaskazini, vita vya Lord's Resistance Army vilikuwa vimewakusanya watu zaidi ya milioni moja katika kambi. Mwaka 2007, chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Gulu, ikaanzishwa kazi iitwayo BOSCO Uganda, isiyotafuta faida. Waliweka kompyuta zinazotumia umeme kidogo wa jua, wakaunganisha kambi na mji kwa antena, hata watu wakaweza kuandikiana na kupigiana simu kwa njia ya mtandao huo. Vijana wa hapo walifundishwa kutumia mashine, nao wakawafundisha wenzao. Kwetu Kongo pia, katika kisiwa cha Idjwi kilichomo Ziwa Kivu, mwaka 2016 ulianzishwa mtandao wa wenyeji ulioitwa Pamoja Net, kwa msaada wa shirika la Ensemble pour la Différence. Jina lenyewe ni fundisho.

Namna yake si uchawi. Watu hununua intaneti kwa jumla mahali pamoja, kisha huigawa kwa antena kutoka mlingoti hata mlingoti. Sharti antena zionane, kwa maana mlima na miti mirefu huzuia mawimbi. Kwa hiyo toka Kasongo hata Kabambare ingetakiwa milingoti mingi juu ya vilima, na kila mlingoti wahitaji betri, mlinzi na fundi. Ndiyo sababu mtu mmoja hawezi, hata awe tajiri. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Kabla ya kununua mashine, andikeni kanuni. Ufunguo ushikwe na watu wawili, na hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi. Wekeni akiba ya betri tangu siku ya kwanza, maana betri hufa hata ikitunzwa. Wafundisheni vijana, wasichana na wavulana, kutengeneza kilichoharibika. Zaidi ya yote, mtu asiahidi asichokusudia kutoa.

Mwezi uliopita tulikwenda kwa jirani yule, tukamlipa miezi minne tuliyodaiwa. Alizihesabu fedha kimya. Kisha akaingia ndani, akarudi na ufunguo, akauweka mezani kati yetu. Tumepatana kukutana Jumapili ijayo, pamoja na wazazi wale wengine, na safari hii daftari litakuwapo.