Sam Ntiro na ngoro za Maguu

Ndugu zangu, leo naomba nimzungumzie mzee mmoja ambaye wengi wa rika langu hatumjui kabisa. Ukimtaja Tingatinga, kila mtu anaitikia. Mtaje Sam Ntiro uone watu watakavyokukodolea macho!

Sam Joseph Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma sanaa Makerere kwa Mama Margaret Trowell, kisha akaenda chuo cha Slade, London, mwaka 1952 hadi 1955. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, akawa balozi wetu Uingereza. Baadaye alifanya kazi za utamaduni serikalini na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993. Mkewe, Sarah Nyendwoha wa Uganda, naye hakuwa mtu wa mchezo: alipata shahada yake Oxford miaka ya 1950.

Kwa wasifu huo ungetegemea achore madaraja ya London na wakubwa wenye suti. Wapi! Alichora kwao. Migomba, miteremko, watu wakilima na kubeba mizigo pamoja. Mwaka 1960 jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA, lilinunua picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Ukiitazama michoro yake haraka unaweza kudhani ni ya mtu asiyefika darasani. Alifika, tena mbali, na bado akachagua kuchora vile.

Lakini mimi kilichonigusa zaidi ni kitabu. Mwaka 1953, akiwa London masomoni, kilitoka kitabu chake Desturi za Wachagga. Kwa Kiswahili! Mambo ya kijiji chake aliyaweka katika lugha ambayo wanakijiji wenzake wangeweza kuisoma.

Hapo ndipo nilipofikiria kwetu Maguu, kule Mbinga. Milima yetu imesimama wima, na babu zetu waliipatia dawa: ngoro. Mvua zikikaribia kuisha, mwezi wa tatu, wanaume wanafyeka nyasi, wanazipanga kwa miraba. Kisha wanawake wanachimba katikati na kuzifukia nyasi kwa udongo. Maharage yanapandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata mahindi. Mvua ikinyesha, maji yanatua mashimoni na udongo hauporomoki kwenda bondeni.

Miaka ya 1990 watafiti wa SUA na wenzao kutoka Japani walikuja Umatengoni kuichunguza. Wakaiandika vizuri sana, kwa Kiingereza. Bibi yangu, aliyechimba ngoro maisha yake yote, hawezi kusoma hata ukurasa mmoja.

Likizo iliyopita nilimwomba anieleze kazi ile hatua kwa hatua. Akacheka. "Mjukuu wangu, shikamoo zako za mjini ni nyingi, lakini jembe hulijui. Haya, andika. Dada zako nao wameshaliacha."

Niliandika kurasa kumi na moja. Nikampelekea mhariri mmoja hapa Dar. Akasema habari za mashimo hazina wasomaji, nilete za mastaa. Sikubishana naye, maana ndiye anayelipa. Lakini kurasa zile sikuzitupa.

Ntiro hakusubiri mtu amwambie kwamba Machame ni habari. Alikuwa na brashi, alikuwa na kalamu, akavitumia vyote viwili kwa ajili ya watu wa kwao huku akiishi mbali nao. Sisi tuliosoma tukakaa mjini tuna simu zenye kamera, tuna kompyuta, tuna na bibi zetu bado hai. Bibi yangu ana miaka zaidi ya themanini.

Mwezi wa tatu narudi Maguu, wakati wa kufyeka. Safari hii nitabeba daftari, kamera na jembe. Wewe je, kwenu kuna kazi gani ambayo anaijua bibi peke yake?