Nairobi Hadi New York: Saa Ngapi Angani?

Huenda una mwana aendaye masomoni Marekani. Umemsindikiza usiku hata uwanja wa ndege wa Nairobi, na sasa unangoja habari. Je, uanze kungoja saa ngapi?

Haya, tufanye hesabu pamoja. Toka Nairobi hadi New York ni zaidi ya kilomita 11,800 kwa njia ya angani. Zamani ilikuwa lazima kubadili ndege njiani. Lakini tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza safari ya moja kwa moja. Kwenda huchukua saa 15 hivi, kurudi saa 14. Kwa nini? Huko juu upepo mkali huvuma toka magharibi kwenda mashariki. Aendaye Amerika hupambana nao. Arudiye husukumwa nao, kama mtumbwi ufuatao maji ya mto.

Basi, ndege ikiruka saa 5 usiku, usiogope kuona alfajiri inapita kimya. Mwanao hajafika hata nusu ya safari. Atatua saa 8 mchana kwetu, nawe umekwisha kula. Kwake, wakati wa kiangazi chao, ndiyo kwanza saa 1 asubuhi. New York iko nyuma yetu kwa saa 7, na wakati wa baridi kwa saa 8.

Tena, akikupigia simu jioni yake, kwako ni usiku wa manane. Usishtuke: si kila simu ya usiku ni ya msiba.