Injini Niliyoijenga Mara Mbili

Msomaji, watu wengi hudhani kuwa kujenga ni kuunga kitu na kitu, na kwamba kubomoa ni kinyume chake. Nami nilikuwa na dhana hiyo hadi mwaka 2011, nilipojenga injini ndogo ya garimoshi kwa mikono yangu, nikaibomoa, kisha nikaijenga tena. Nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi, lakini nililojifunza katika kazi ile sikulipata darasani. Nakusimulia ili ulipime mwenyewe.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alikwenda kusoma Manchester, Uingereza. Aliporudi likizo aliniletea sanduku la karatasi ngumu, dogo kama kamusi lakini zito kama tofali. Alijua kuwa baba yangu alikuwa fundi wa reli, na kuwa nami napenda habari za magarimoshi. Niliposikia jina la Manchester moyo wangu uliruka, kwa kuwa katika mji huo ndiko kiwanda cha Beyer, Peacock kilikounda zile injini 34 za daraja la 59, zilizoletwa kwetu katika miaka ya 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja yao, Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli mjini Nairobi.

Lakini sandukuni haikuwamo injini hiyo. Ilikuwamo injini ya Kiingereza ya reli ya Great Western, ya aina iliyoundwa tangu mwaka 1929 hadi 1950, jumla yake 863. Ni injini fupi ya magurudumu sita, iliyotumika kupanga mabehewa katika stesheni na kuvuta magari katika njia ndogo. Matangi yake ya maji yananing'inia huku na huku ya boila kama shogi mgongoni mwa punda. Na Waingereza nao waliiita kwa jina la shogi. Kila kipimo cha injini ya kweli kilikuwa kimegawanywa kwa 76, hata chombo cha kuvuta garimoshi kikaweza kukaa katika kiganja cha mkono.

Vipande vyake vingi vilikuwa vya metali nyeupe. Metali hii ni mchanganyiko, aghalabu wa bati, risasi na antimoni. Wasubu wa vitu vidogo huipenda kwa sababu huyeyuka kwa moto mdogo, hujaza kalibu vizuri, na hushika kila alama, hata vichwa vya ribiti vikaonekana. Kwa kuwa ndani yake mna risasi, hapana budi mtu anawe mikono baada ya kuishika, wala asile chakula katika meza anayoipigia tupa.

Sifa yake ya kuyeyuka upesi ndiyo hatari yake pia. Chuma cha kulehemu cha kawaida, kinachoungia nyaya za redio, huweza kukifanya kipande chote kiwe tone. Kwa hiyo hutumiwa lehemu maalumu iliyotiwa bismuthi, ambayo huyeyuka kwa nyuzi 70 tu za joto, na chuma chenyewe hupunguzwa moto. Jambo hili nililijua baada ya kuyeyusha pembe moja ya ngazi ya kupandia dereva.

Nilifanya kazi hiyo kila jioni baada ya kusahihisha madaftari, kwa muda wa miezi mitatu. Jambo la kwanza lilikuwa bamba refu la chini, ambalo juu yake hukaa boila, matangi na kibanda cha dereva. Bamba hilo lilikuwa limepinda kidogo sana, kiasi cha unene wa ukucha. Naliliona, msomaji, sisemi kwamba sikuliona. Lakini nilikuwa na haraka ya kuiona injini imesimama, nikajiambia kuwa matangi yakishalehemiwa yatalinyosha. Hayakulinyosha. Bamba ndilo lililoyapinda matangi, matangi yakapinda kibanda, na kila kiungo kikaacha mwanya. Mianya nikaijaza puti, nikaisugua kwa msasa, nikapaka rangi ya kijani. Mtu angeitazama kwa mbali angeisifu.

Siku ya kuijaribu niliiweka juu ya reli zake, ambazo upana wa kati yake ni milimita 16.5. Ilikwenda shubiri moja, ikatoa cheche, ikasimama. Injini ya namna hii hupata umeme kwa reli moja na kuurudisha kwa reli ya pili. Bodi ya metali ikigusa gurudumu la upande usio wake, umeme hukata njia na mota hunyamaza. Nikakwangua kidogo pale ilipogusa. Ikaenda shubiri mbili, ikasimama kwa kugusa pengine. Nikakwangua tena. Hivyo ndivyo nilivyopoteza jioni nne, nikitibu kila dalili ilipotokea, na maradhi nimeyaacha.

Jioni ya tano baba alikuja kunitembelea. Alikuwa amestaafu zamani, na macho yake hayakuwa kama ya ujana. Hakuishika injini. Aliinama polepole, mkono mmoja ukishika kiuno, hata jicho lake likawa sawa na ubao wa meza, akaitazama kwa upande. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi kwa miezi mitatu nilikuwa nikiitazama kwa juu.

"Imepinda tumboni," alisema.

"Kidogo tu, Baba. Nimeisawazisha kwa rangi."

"Mwanangu, rangi hainyoshi chuma."

Nilimjibu kwa ukali kidogo kuwa kazi ya miezi mitatu haiwezi kuvunjwa kwa ajili ya upana wa ukucha. Hakunijibu. Alichukua kijipande kilichobaki sandukuni, akakikwaruza kwa ukucha wake, akatabasamu. "Metali hii naijua," akasema. "Ni jamaa ya ile tuliyokuwa tukiimimina katika beringi."

Ndipo aliponieleza kuwa ekseli za injini za moshi zilizunguka ndani ya beringi za shaba zilizotiwa bitana ya metali nyeupe, laini na yenye kuteleza, ili ekseli isiliwe. Beringi ikikosa mafuta hupata moto, na bitana ile huyeyuka na kutiririka. Kisha akanisimulia jambo ambalo sikupata kulisikia maishani mwangu.

"Nilikuwa mwanagenzi wa mwaka wa pili," alisema. "Siku moja kalibu yangu ilikuwa na unyevu. Nilipomimina, metali ikafanya mapovu, ikaacha tundu karibu na uso wa beringi. Nikalifunika kwa metali kidogo, nikakwangua mpaka pakang'aa. Msimamizi akatazama, akapitisha. Usiku ule sikulala. Nilimfikiria dereva na mchochea moto, wasionijua, wakiwa katikati ya nyika na beringi yangu inatoa moshi. Alfajiri nikaenda kusema. Injini ilikuwa haijaondoka. Ikanyanyuliwa, magurudumu yakatolewa, beringi ikasubiwa upya. Nilikatwa mshahara wa siku tatu, na wenzangu wakanicheka mwezi mzima. Lakini usiku uliofuata nililala."

Nilimwuliza kwa nini hakupata kunisimulia habari hiyo. Akasema, "Nilikuwa nangoja uwe na yako."

Siku ya pili nilitafuta sufuria kuukuu, ambayo haikurudi tena jikoni, nikachemsha maji. Katika Nairobi, mji ulio juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, yapata nyuzi 95. Lakini hizo zinatosha na kuzidi kwa lehemu ya nyuzi 70. Niliondoa kiunzi na mota, nikafumba macho, nikaitumbukiza bodi majini. Mara dohani ikaanguka. Kisha matangi yakaachana na boila, kibanda kikalala, vipande vikatoka kimoja kimoja kama meno ya mtoto ambayo wakati wake umefika. Kazi ya miezi mitatu ilikwisha kwa dakika tano.

Nilidhani nitahuzunika. Lakini nilipoviopoa vipande na kuvipanga juu ya kitambaa, niliona jambo lililonishangaza. Vipande vyote vilikuwapo, na ujuzi wa kuviunga ulikuwa bado mikononi mwangu. Kilichoharibika kabisa ni puti na rangi tu. Yaani, msomaji, katika kazi yangu yote sikupoteza kitu ila kile nilichotumia kuficha.

Nililiweka bamba juu ya kipande cha kioo, nikalikanda kwa vidole, kidogo kidogo, hata lisitikisike upande wowote. Tangu hapo kila kipande nilichoongeza nilikirudisha kiooni kabla ya kuongeza kingine. Kazi iliyonichukua miezi mitatu mara ya kwanza, mara ya pili ilinichukua wiki tatu. Baba akaitwa, akainama kama awali, akatazama kwa muda mrefu, akasema neno moja: "Endesha." Ikaenda hadi mwisho wa reli, ikarudi, haikusimama.

Baba alifariki mwaka 2016. Injini ile iko juu ya meza yangu shuleni, na pembe ya ngazi niliyoiyeyusha haijatengenezwa, kwa kuwa sikutaka aitazamaye adhani nilipata kazi ile bila kukosea.

Nina ungamo moja nawe. Kabla ya mwaka ule nilikuwa nikipunguza alama za mwanafunzi aliyefuta na kuandika upya, kwa sababu daftari lake halikupendeza macho. Wengi wakajifunza kwangu kuliacha kosa mahali pake na kulipamba. Siku hizi nikiona ukurasa mzima umekatwa kwa mstari, na ukurasa unaofuata umeanzwa upya kwa hoja iliyonyoka, huinama nikautazama vizuri. Nawe ukigundua leo kuwa bamba la chini la kazi yako limepinda, liwe hesabu, insha au ahadi uliyomwambia mtu, usikimbilie rangi. Chemsha maji. Vipande vyako utavikuta vyote.