Kifafa si kuanguka tu: funzo la mama mmoja mkimbizi karibu na Bunia

Katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani karibu na Bunia, Ituri, mama mmoja aliyekimbia vita vya Djugu alikuwa akimpiga binti yake wa miaka 9 karibu kila juma. Kosa lilikuwa lile lile: akitumwa kukoroga chungu, mtoto anasimama ghafla, anatazama mbali, anatafuna midomo bila chakula, anashikashika nguo yake. Akiitwa, haitiki. Baada ya dakika moja hivi anarudi, hajui alikuwa akifanya nini.

«Ni kichwa ngumu», mama alisema.

Kifafa alikijua, ao alifikiri anakijua. Kijana wa jirani huanguka, mwili unakakamaa, kisha mikono na miguu inarukaruka, povu linatoka mdomoni. Binti yake hakuwa ameanguka hata siku moja.

Asubuhi moja hali hiyo ilimkuta mtoto mbele ya mafiga. Mkono ulibaki motoni, naye hakulia. Hapo mama aliogopa.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi alitunza kidonda, kisha akauliza sana juu ya yale macho na ile midomo. Akaeleza kwamba kifafa kina sura nyingi. Kile cha kijana wa jirani kinashika ubongo mzima. Kingine kinaanzia sehemu moja ya ubongo: mkono mmoja unatetemeka, ao mtu anapotea akili kidogo, kama binti huyu. Kuna watoto wanaonyamaza sekunde chache katikati ya neno, mara nyingi kwa siku, na mwalimu anadhani hawasikilizi. Kuna wanaoshtuka ghafla, kikombe kinawatoka mkononi. Kuna wanaolegea na kuanguka kama gunia.

Akamfundisha pia la kufanya. Mtu akianguka, mwondoe karibu na moto, mlaze kwa ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize. Povu haliambukizi. Ikipita dakika 5 bado anatetemeka, mpeleke hospitali mbio. Na dawa ni ya kila siku. Kuiacha ghafla kunaweza kurudisha kifafa kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo hata mkikimbia usiku, dawa iwe ya kwanza kufungwa.

Jioni hiyo mama alimwomba binti yake msamaha mbele ya ndugu zake. Sasa vidonge viko katika mfuko wa plastiki, vimefungwa kwenye pindo la kitenge chake, na mtoto hapiki tena peke yake.

Juma lililofuata kijana wa jirani alianguka njiani kwenye bomba la maji. Watu walikimbia, wakiogopa povu. Mama huyo aliweka bidoni yake chini, akapiga magoti, akamgeuza kwa ubavu, akakaa naye mpaka alipofungua macho.